Mng'aro Uliomo Ndani ya Jiwe

Ukumbi wa nyumba ya shangazi yangu, Mji wa Kale wa Mombasa, umetandikwa marumaru nyeusi na nyeupe kama ubao wa drafti. Utotoni tulikuwa tukilala juu yake mchana wa kaskazi, matumbo wazi, tukigombania jiwe ambalo halijapashwa joto na mwili wa mwenzetu. Niliporudi baada ya miaka mingi niliikuta sakafu ile imechoka. Nyeupe zina sura ya chaki, nyeusi zimegeuka kijivu, na kutoka mlangoni hadi jikoni pana ujia uliopauka, kama njia ya mbuzi katikati ya majani.

Watu wa kusafisha walikuwa wameshaitwa kabla. Wakapaka vanishi, ikang'aa miezi michache, kisha ikageuka manjano na kubanduka vipande vipande kama ngozi iliyoungua na jua. Tangu hapo kila mgeni alikuja na shauri lile lile: ifunikeni, wekeni vigae vipya juu yake. Shangazi akakataa. Mwishowe akapatikana fundi mzee wa mawe. Alichuchumaa, akaomba kopo la maji, akamwaga kidogo juu ya jiwe mojawapo la kijivu. Likawa jeusi tititi.

"Rangi ipo, mama," akamwambia shangazi. "Hili halitaki kupakwa kitu. Lataka kusuguliwa."

Kopo lile la maji lilikuwa jaribio kamili la fizikia. Jiwe lililochakaa limejaa mikwaruzo na vishimo visivyoonekana kwa jicho. Mwanga ukilipiga hutawanywa kila upande, na mwanga huo uliotawanyika ndio ule weupe wa vumbi tunaoudhania kuwa rangi ya jiwe lililozeeka. Maji huijaza mikwaruzo na kuufanya uso uwe sawa kwa dakika chache. Mwanga huacha kutawanyika ovyo, nao hupata njia ya kuingia kwenye jiwe na kuturudishia rangi yake halisi. Ndiyo sababu jeusi huaibika kwanza na jeupe hustahimili muda mrefu: weupe wa mikwaruzo juu ya weupe wa jiwe haujulikani, bali juu ya weusi kila mchubuko hupiga kelele.

Kung'arisha jiwe, basi, ni kufanya kwa kudumu kile ambacho maji hufanya kwa muda. Mawimbi ya mwanga tunaouona yana urefu wa kati ya nanomita 400 na 700, yaani hayafiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Mikwaruzo ikiwa mikubwa kuliko hapo, mwanga huiona. Ikipunguzwa mpaka iwe midogo sana kuliko mawimbi yenyewe, mwanga hupita juu yake kana kwamba haipo, ukaakisiwa kwa mpangilio, na sura ya dirisha ikaonekana sakafuni. Hakuna kilichoongezwa juu ya jiwe. Kuna kilichoondolewa.

Ni nini kilichoichosha sakafu ya shangazi? Mchanga na ndimu.

Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa ngazi kumi kufuatana na lipi linaweza kumkwaruza mwenzake. Talki, laini kuliko yote, ni namba 1; almasi ni namba 10. Kalsaiti, madini yanayojenga marumaru, iko namba 3. Kwatsi, ambayo imejaa kwenye mchanga na vumbi la njiani, iko namba 7. Kila kiatu kinachoingia na chembe chache za mchanga kinaingia na msasa, na kila hatua inasugua. Ule ujia wa kutoka mlangoni hadi jikoni ulikuwa ramani ya miguu ya familia yetu kwa vizazi vitatu.

Ndimu ni habari ya pili, nayo iliniuma zaidi kwa kuwa ilitokana na usafi. Nyumbani kwetu sakafu ya karibu na jiko ilipigwa deki kwa maji ya ndimu ili kuondoa shombo ya samaki. Marumaru ni kalsiamu kaboneti, kama ganda la yai au la kombe. Tindikali yoyote, iwe ya ndimu, siki, ukwaju au soda, huila. Kamua tone moja juu ya kipande cha marumaru kisichofaa, ukitazame kwa karibu: utaona vipovu vidogo. Hiyo ni kaboni dioksidi, na ni sehemu ya jiwe lenyewe inayoondoka. Alama inayobaki watu huiita doa, wakaisugua kwa sabuni kali au kuiongezea ndimu, na kuizidisha. Doa ni kitu kilichoingia kwenye jiwe. Alama ya ndimu ni jiwe lililotoka, na hakuna sabuni inayoweza kulirudisha.

Fundi alianza kwa kuibandua vanishi yote. Kisha akafunga kwenye mashine pedi za almasi, akafungua maji, akaanza na namba 50.

Kiswahili kina neno zuri kwa kazi hii. Kabla msasa haujawa karatasi ya dukani, msasa ulikuwa mti, na bado uko: majani yake yanaparuza kama ulimi wa paka, na maseremala wa Pwani waliyatumia kulainishia mbao. Jani la msasa linafaa mbao. Kwa jiwe panatakiwa kitu kigumu zaidi, na unga wa almasi ulikuwa ghali mno kutumiwa kwenye sakafu za nyumba hadi watu walipojua kuitengeneza almasi kiwandani. Watafiti wa General Electric, Marekani, walifaulu kufanya hivyo Desemba 1954 kwa kuibana kaboni kwa shinikizo na joto kubwa mno. Leo chembe hizo, zilizoshikizwa kwenye pedi za rangi rangi, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

Namba ya pedi hutokana na chekeche. Chembe za namba 50 ni zile zinazopita kwenye chekeche yenye matundu 50 katika kila inchi, nazo zina upana wa kama mikroni 300, thuluthi ya milimita. Za namba 400 zina mikroni 37 hivi, nusu ya unene wa unywele. Kutoka 50 fundi alikwenda 100, 200, 400, 800, 1500, hadi 3000. Kazi ya kila pedi ni moja tu: kufuta mikwaruzo ya iliyoitangulia na kuacha yake, midogo zaidi.

Hapo ndipo nilipomheshimu mzee yule. Kila baada ya pedi alikausha sakafu, akachora mistari ya penseli huku na huku, kisha akapitisha pedi inayofuata mpaka mistari yote ifutike sawasawa. Penye bonde dogo mstari hubaki. Alipofika 800 uso ulianza kuamka, na kwenye jiwe moja jeusi ukajitokeza mkwaruzo wa mviringo kama mwezi mwandamo. Ulikuwa wa namba 100, umejificha muda wote huo, kwa kuwa penye ukungu mkwaruzo hauonekani. Msaidizi wake akapendekeza wausugue papo hapo na 800. Mzee akatikisa kichwa, akarudi 200, akaanza upya eneo lote. Pedi laini haiwezi kufuta kosa la pedi kali, ingeling'arisha tu.

Baada ya 3000 alinyunyiza unga mweupe wenye asidi ya oksaliki na maji kidogo, akasugua mpaka ukawa uji. Asidi hii hutenda kinyume na ndimu, kwani ikikutana na kalsiamu huunda chumvi isiyoyeyuka inayobaki juu ya jiwe, utando mwembamba na laini. Wapo mafundi wanaotumia dawa ya magnesiamu yenye fluorini, ambayo huigeuza ngozi ya marumaru kuwa madini ya namba 4 kwenye ngazi ya Mohs. Hung'aa haraka, na kwenye hoteli yenye wageni wengi ina faida yake. Kwa nyumba za Pwani mimi naiogopa, kama ninavyoiogopa vanishi. Kuta na sakafu zetu za mawe ya matumbawe hunyonya maji ya ardhini yenye chumvi. Maji lazima yapumue. Ukiyaziba, chumvi hugandia chini ya ngozi ya jiwe, fuwele zake hukua, na uso hupasuka kwa ndani.

Si kila jiwe litakubali haya. Jiwe la Mazeras, linalopendwa sana uani, ni chembe za mchanga zilizoshikamana. Ukilisugua, chembe hung'oka kabla hazijang'aa. Itale hung'aa vizuri lakini ni ngumu na huchosha pedi. Terazo, ile ya shule na hospitali za zamani yenye vipande vya marumaru ndani ya saruji, huitika vizuri ajabu, na inaniuma kuona inavyofunikwa kwa vigae vya kiwandani, ambavyo huko Tanzania watu siku hizi huviita marumaru vilevile.

Jambo moja lazima lisemwe kwa nguvu. Jiwe lisisagwe kavu. Vumbi la itale, la mchanga au la saruji lina silika, na silika iliyosagwa laini hufika ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu yasiyopona. Maji hulikamata vumbi pale pale. Mwenye nyumba anayemharakisha fundi afanye kazi kavu ili ukumbi usilowe anampunguzia mwenzake pumzi.

Siku ya nne sakafu ilikuwa imeamka. Ukisimama mlangoni asubuhi ukatazama mbali, dirisha zima lilikuwa limelala chini, kwa sababu mwanga unaokuja kwa mlalo huakisiwa zaidi. Ukitazama chini ya miguu yako moja kwa moja unaona jiwe lenyewe na mishipa yake. Shangazi aliambiwa apige deki kwa maji na sabuni laini, ndimu ibaki kwenye sahani, na aweke mkeka mnene nje na mwingine ndani ili mchanga uishie hapo.

Palikuwa pamebaki kizingiti. Katikati yake pana bonde la kina cha kidole, lililochimbwa na nyayo. Msaidizi alikuwa ameshabadilisha pedi, tayari kulisawazisha. Shangazi akavua ndara, akaweka unyayo wake bondeni. Ulikaa sawasawa. Fundi akamtazama, akainama, akachomoa waya wa mashine.