MIWANI: KILA JICHO NA LENZI YAKE

Mtu aingiapo sokoni Arua au Koboko huweza kununua miwani kama anunuavyo kofia: huijaribu, hujitazama kiooni, akalipa. Lakini macho hayana kipimo kimoja.

Asiyeona mbali, kama mwanafunzi asiyeweza kusoma ubao, huhitaji lenzi nyembamba katikati na nene ukingoni. Nguvu yake huandikwa kwa alama ya kutoa. Fundi cherehani wa Oli aliyepita miaka 40, ambaye huisogeza sindano mbali ndipo aone tundu lake, huhitaji lenzi nene katikati, yenye alama ya kujumlisha. Mwenye shida zote mbili hupewa miwani ya sehemu mbili: juu kwa mbali, chini kwa karibu. Miwani ya jua hupunguza mwanga tu. Weusi wa kioo pekee si uthibitisho kwamba huzuia miale idhuruyo.

Yafaa kukumbuka kwamba miwani haitibu maradhi. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Usubi, uliopofusha wengi katika West Nile, huzuiwa kwa vidonge vya ivamektini. Presha ya jicho huiba uoni bila maumivu, na uoni uliokwisha kupotea haurudi. Abadilishaye miwani ya sokoni kila mwaka huku macho yakizidi kufifia anapoteza wakati wa kuokolewa.

Basi mzazi asimwite mtoto mvivu kabla hajapimwa, wala mzee asikisie. Kipimo hospitalini kwanza, miwani baadaye.