Ndoo Nusu

Pale Mutindwa, Eastlands jijini Nairobi, kwenye nguzo ya stima karibu na wauza viazi, pamebandikwa karatasi tatu. Ya juu ni ya mganga anayerudisha mume aliyepotea. Ya chini ni ya mwenye lori la kunyonya vyoo. Ya katikati ni ya rangi ya waridi na imeandikwa kwa herufi nene: MAMA, TUMBO LIRUDI KWA SIKU 14. Inafuata nambari ya simu, na mchoro wa mwanamke asiye na kichwa ambaye kiuno chake kingepenya kwenye bangili.

Binti ya dada yangu aliipiga picha akitoka kliniki, mtoto ana wiki mbili, akanitumia. "Mama mkubwa, hii ni ya ukweli?" Kabla sijajibu akaongeza kwamba rafiki yake anayekwenda jimu amemwambia shida ya wanawake wa Eastlands inajulikana: tukizaa tunalazwa siku arobaini, tunashindiliwa uji na supu kama kuku wa sikukuu, kisha tunashangaa nguo zimetukataa.

Nimekaa na maneno hayo wiki nzima. Mganga na mnyonya vyoo sina neno nao, ni majirani wa siku nyingi. Huyo wa jimu ndiye aliyenikera, kwa sababu ameona sufuria akadhani ameona mila.

Nilikulia Jericho, au Ofafa Jericho kama barua za kodi zilivyoandikwa, kwa jina la diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953. Nyumba zilitazamana. Mlango ukifunguliwa, unaona uwanja wa nyasi zilizokwisha, kamba za nguo na mfereji, na mbele ya mfereji foleni ya mitungi. Mwaka 1974 mama alijifungua kitinda mimba wetu, mimi nikiwa na miaka kumi, umri mzuri wa kutumwa na wa kusikiliza yasiyonihusu. Alijifungulia Pumwani, kama karibu kila mwanamke niliyemjua. Hospitali ile ilianzishwa mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana, lakini sijawahi kumsikia mtu wa mitaa yetu akiiita hivyo.

Mama alirudishwa asubuhi. Kufika jioni jiko halikuwa lake tena. Mama wa namba saba, Mkikuyu wa Murang'a, alileta njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ambayo kwao ni chakula cha mzazi hasa. Jirani wa upande wa mfereji, Mluhya, alikuja na kuku wa kienyeji ambaye tulikuwa tumemzoea uwanjani kwa jina. Mjaluo wa nyumba ya kona alikoroga uji wa wimbi uliochachuka, mwepesi wa kunyweka. Baba alitumwa soko la Burma kununua mifupa ya supu, ambayo ndiyo kazi pekee aliyopewa, na aliifanya kwa majivuno ya mtu aliyezaa mwenyewe. Kila mwanamke aliapa kwamba chake ndicho kinacholeta maziwa, vya wenzake ni vya kushibisha tu. Mama alikula vyote na hakutoa hukumu. Ndivyo watu wa makabila manne walivyoweza kutumia mfereji mmoja.

Halafu akaja Bibi wa Majengo. Hakuwa jirani. Alikuwa rafiki wa nyanya yangu tangu Pangani ya zamani, ile iliyobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 wakaaji wake wakasukumwa Pumwani na Shauri Moyo. Alikuja na doti ya leso, tangawizi, pilipili manga, na sauti ambayo hata baba aliitii.

Leso ndiyo ninayoikumbuka kuliko vyote. Mama alilala chali. Bibi aliikunja leso ikawa na upana wa viganja viwili, akaipitisha chini ya mgongo, akaanza kuizungusha kutoka nyongani kupanda juu, akivuta kidogo, akisimama, akimuuliza mama kama anapumua. Fundo liliwekwa ubavuni ili lisimchome akiketi. Wakati wa kula ililegezwa, usiku ilifunguliwa kabisa. Leso ya pili ilikuwa ya kubadilishia, maana ya kwanza ililowa maziwa na jasho ikaanikwa kambani pamoja na nepi. Hata wapita njia wasiotujua, wakiiona leso imeanikwa na nepi, walipunguza sauti.

Nimesikia muuguzi akisema leso haiyeyushi mafuta. Kweli haiyeyushi, na Bibi hakusema inayeyusha. Mwanamke aliyetoka kuzaa, misuli ya tumbo lake imeachana katikati, mgongo unabeba kila kitu peke yake, na kitambaa kilichofungwa kwa kiasi humsaidia kusimama. Linganisheni na ule mkanda wa mpira wenye vyuma na safu tatu za kulabu unaouzwa Eastleigh na kando ya barabara. Niliujaribu dakika tano nikaona nyota. Unabana juu, shinikizo lote linateremka kwenye nyonga ambazo bado zimelegea, halafu mwanamke anaanza kuvuja mkojo akipiga chafya na anaona haya kumwambia mtu.

Kukandwa kwa maji yaliyokaribia kuchemka, kumlambisha mtoto maji ya sukari, kumficha dhidi ya macho ya watu: hayo yaende, sitayatetea.

Ninachotetea hakikuwa ndani ya sufuria wala ndani ya leso. Siku za mwanzo mama hakuinama kufagia, hakugusa mtungi, hakufua. Nilidhani amegeuka malkia. Kumbe Bibi alikuwa na hesabu yake. Siku ya tatu alimwinua kitandani na kumtembeza uwanjani mara mbili akimshika kiwiko, mama akilalamika, Bibi akisema damu iliyolala huganda. Nilikuja kusoma baadaye kwamba mzazi anayelala tu yuko katika hatari ya damu kuganda miguuni, kwa hiyo huyo wa jimu anayedhani mila yetu ilikuwa kulala siku arobaini angekutana na Bibi angelazimishwa kutembea yeye mwenyewe. Wiki ya kwanza ilipokwisha mama alitolewa nje aote jua, akapewa sukuma wiki achambue akiwa ameketi. Wiki ya tatu alirudishiwa nepi za mtoto, lakini kuzianika ilikuwa kazi yangu, asiinue mikono juu. Wiki ya tano alitembea hadi sokoni mikono mitupu, mimi nikibeba kikapu.

Na siku ya arobaini, baada ya mtoto kunyolewa na chai kunywewa, mama alipewa ndoo. Ilikuwa ndoo nusu. Wanawake watatu walisimama milangoni wakimtazama anavyotembea kutoka mferejini. Kama angeshika kiuno, kesho yake angerudishwa kwenye kuchambua mboga. Hakushika. Wiki iliyofuata ikawa robo tatu. Ndoo kamili alikuja kuibeba mtoto akikaribia kuota jino.

Uzito hakuna aliyeutaja. Mizani ilikuwa kliniki, na ilikuwa ya watoto. Mama alikuwa na gauni moja la kanisani, la kijani, lenye zipu ubavuni, na zipu hiyo ilipanda mtoto alipokuwa anatambaa. Hakuna aliyempongeza. Lilikuwa jambo la kawaida, kama mvua ya Aprili.

Nilipozaa wangu, muuguzi mmoja mwenye subira alinipa hesabu ya kitabuni. Mtoto, kondo na maji vikitoka, mwanamke hupungua kilo tano au sita hapo hapo. Tumbo la uzazi, lenye uzito wa karibu kilo moja mara tu baada ya kuzaa, hunywea hadi gramu sitini hivi kufikia wiki ya sita, na kunyonyesha ndiko kunakolibana haraka. Wiki sita ni siku 42. Bibi alikosea kwa siku mbili. Maziwa nayo hula kiasi cha kalori 500 kwa siku, sawa na sahani ya ugali na kitoweo chake, ndiyo maana anayenyonyesha husikia njaa saa nane za usiku kama mtu aliyelima shamba. Anayemwambia mwanamke huyo aruke mlo hajui anachosema. Ila nikiri jambo moja: uji wa 1974 haukuwa na vijiko vinne vya sukari na kipande cha siagi ya kopo, na hakuna aliyeuteremsha kwa soda.

Kwa aliyepasuliwa kalenda ya Bibi haikutosha, na yeye mwenyewe alikiri kwamba mshono ni wa daktari.

Sasa twende Umoja Innercore, anakoishi huyu binti ya dada yangu. Bedsita, ghorofa ya nne. Maji hayapandi, huuzwa chini kwa mtungi. Mumewe hutoka saa kumi na moja alfajiri. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya miezi mitatu yenye mshahara, lakini yeye anauza nguo za watoto Gikomba, na pale anayempa likizo ni nani? Wateja?

Jumamosi chama chake kilikuja kuona mtoto. Sherehe zile za kabla ya kuzaa, za maputo, zinipite tu. Hii ya kuona mtoto naipenda, na nilifurahi kusikia bado ipo. Walikuwa kumi na wawili. Walileta unga, sukari, mafuta ya kupikia, nepi za kutupa, beseni la waridi lililofungwa kwa karatasi inayong'aa. Walipiga picha. Walikaa saa tatu. Na aliyewapikia chai na chapati, wasomaji wangu, ni yeye mzazi. Alisimama mbele ya jiko la gesi akisukuma chapati, mtoto wa wiki mbili begani kwa mgeni asiyejua kumshika shingo. Walipoondoka alibaki na vikombe kumi na vitatu kwenye karai.

Mamake mkwe humtumia supu kwa bodaboda, katika chupa ya chai. Njahi nimempelekea mimi. Kwa hiyo sufuria bado zinakuja, tena nzuri. Mikono ndiyo haiji. Anakula chakula cha mzazi wa Jericho huku amejifungia chumba kimoja, bila wa kumtembeza, bila jua, bila mtu wa kumpimia kazi. Siku nyingine haondoki kitandani, siku nyingine anafua mablanketi. Akijitazama kwenye kioo anaona tumbo, akishuka anaona karatasi ya waridi. Halafu mtu anakuja kutuambia uji ndio umetuharibu.

Nilimjibu kwa ujumbe mrefu, na vijana hawasomi ujumbe mrefu, lakini niliandika. Wenye karatasi kama ile ya siku 14 huuza majani ya chai, na mengi ni ya kuharisha. Linalopungua ni maji, na mtoto yuko kwenye titi. Mambo ya kupunguza mwili ayaache kwanza mpaka wiki ya sita, na siku atakapompeleka mtoto chanjo ya wiki hiyo amwombe muuguzi amtazame na yeye, maana tumezoea kupimisha mtoto na kurudi na mama kama mfuko uliombeba. Baada ya hapo nusu kilo kwa wiki inatosha, na wiki nyingine isipopungua asilie. Ale, ila mandazi yapungue, omena na mboga ziongezeke. Akiwa ananyonyesha, abane misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, aachie, arudie, hakuna atakayejua. Atembee. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, au homa ikipanda, au damu ikizidi, asinitumie picha, aende hospitali.

Alinijibu kwa neno moja: "Sawa." Kisha akaniuliza kama anaweza kujiunga na vijana wanaokimbia Jogoo Road Jumapili asubuhi wakiimba, wenye fulana za rangi moja. Nikamwambia mwakani.

Jumatatu nilipanda kwenda kumwona. Ngazi ni sitini na nne, nilizihesabu kwa sababu magoti yangu yalizihesabu kwanza. Nilimkuta mlangoni anahema, mtoto mgongoni, mkononi mtungi wa lita 20 uliojaa. Muuza maji hapandishi zaidi ya ghorofa ya pili, alisema, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Nilimwambia aketi. Niliosha vyombo, nikafua nepi za kitambaa anazotumia usiku, nikaenda kuzianika kwenye kamba ya kibarazani. Kambani palikuwa na nepi nyingine zisizo zetu, ndogo, nyeupe.

"Za nani hizi?"

"Za huyo wa mlango wa pili. Simjui sana, mama mkubwa. Nasikia tu mtoto akilia."

"Na yeye anamsikia wako?"

Hakujibu. Nikaenda nikabisha. Alifungua msichana wa miaka ishirini na kitu, nywele hazijachanwa, leso kiunoni imefungwa ovyo, mtoto wa miezi minne hivi begani. Alinitazama kama mtu anayengoja nimuuzie bima. Nikamsalimu, nikamwambia mimi ni mama mkubwa wa huyu hapa jirani, nikamuuliza kama ana ndoo ndogo.