Msitu usiishie kuwa "aina ya mti"

Majuzi niliwauliza wanafunzi wangu wa isimu maana ya neno mrihi. Darasa zima lilinyamaza. Hatimaye mmoja alijikakamua: "Ni aina ya mti, mwalimu." Hakukosea, wala hakujibu. Sikumlaumu, kwani kamusi zetu nazo mara nyingi hukomea papo hapo.

Mrihi ndio mti unaotamalaki katika ukanda wa mchanga mweupe wa Arabuko-Sokoke, msitu wa hifadhi wenye ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi katika Kaunti ya Kilifi. Katika mirihi hiyo hutafuta riziki mnana wa Kilifi, ndege asiyepatikana penginepo duniani ila kaunti hiyo. Kwenye udongo mwekundu huishi bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu wa sentimita 16 hivi, ambaye wanasayansi walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Humo pia mna mbambakofi, uliozipa nyumba za Waswahili milango, na muhugu, uliokatwa mno kwa ajili ya vinyago.

Je, mwanafunzi atautetea vipi mti asioweza kuutofautisha na mwingine? Kwake, mrihi ukikatwa na mwarobaini ukapandwa, hakuna kilichopotea: mti umelipwa kwa mti. Lakini mnana hatafuati hesabu hiyo.

Wapo watakaosema kuwa majina hayamlishi mtu. Nawaalika Gede. Tangu mwaka 1993, Mradi wa Kipepeo umewawezesha majirani wa msitu kufuga vipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo. Mfugaji hana budi kujua kila kiwavi hula majani ya mti gani. Asiyeujua mti hana cha kuuza. Naam, huko jina la mti ni karo ya mtoto.

Walimu wenzangu, tuwatume wanafunzi kwa wazee wa Kigiriama na wa Kisanye, wakusanye majina ya miti na ndege pamoja na maelezo kamili: jani, gome, tunda, mlio, matumizi. Nasi watunzi wa kamusi tuyapokee, tuache uvivu wa "aina ya". Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msitu huu ni mali, na daftari lake ni lugha yetu.