Maradhi Yajifichayo Nyuma ya Uchovu

Juu ya kila figo ya binadamu imekaa tezi ndogo iitwayo adrenali, ambayo hutoa homoni ya kotisoli, ile iuwezeshayo mwili kustahimili homa, njaa na jeraha. Na tezi hizo mbili zikiharibika, mtu hudhoofika taratibu hata yeye mwenyewe asijue siha yake ilimtoka lini. Tabibu Thomas Addison wa hospitali ya Guy's, London, aliyaeleza maradhi haya mwaka 1855, zama ambazo aghalabu yalisababishwa na kifua kikuu. Ulaya ya leo sababu kuu ni kinga ya mwili kuzishambulia tezi zake yenyewe, ilhali kwetu kifua kikuu hakijatuacha.

Taabu yake ni kwamba uchovu, kukonda, kichefuchefu na kizunguzungu cha kusimama ni dalili za maradhi mengine mengi, hivyo mgonjwa hutibiwa malaria, kisha vidonda vya tumbo, kisha upungufu wa damu, mpaka jamaa zake, waliochoka kungoja jawabu, waanze kunong'onezana habari za hasadi na majini. Hata John Kennedy, mwana wa tajiri aliyekuja kuwa rais wa Marekani, ambaye alikuwa akiuguaugua tangu utotoni, hakutambuliwa kuwa na maradhi haya hadi mwaka 1947, alipougua ghafla akiwa London.

Dalili iliyo bayana zaidi ni ngozi kuwa nyeusi kuliko kawaida, nayo kwa watu wenye ngozi kama zetu ni rahisi kupitwa, isipokuwa itafutwe kwenye fizi, ulimi, mikunjo ya viganja na makovu mapya. Sioni udhuru wa tabibu wa Afrika kuandika kwamba haipo kabla hajamwambia mgonjwa afunue kinywa. Hamu kubwa ya chumvi nayo isidharauliwe.

Kotisoli hupanda alfajiri na kushuka kuelekea usiku wa manane, kwa hiyo damu iliyotolewa alasiri huweza kumpoteza mpimaji. Shaka ikibaki, mgonjwa hudungwa mikrogramu 250 za dawa ya kuziamsha tezi, kisha hupimwa tena baada ya nusu saa au saa moja. Tiba ni vidonge vya haidrokotisoni, vinywewavyo kila siku maisha yote.

Basi wewe uliyeambiwa mara kwa mara kuwa huna ugonjwa, ilhali unakonda na kutamani chumvi, muulize tabibu wako kama kotisoli yako ya asubuhi imepata kupimwa. Ukianza kutapika na kuishiwa nguvu ghafla, usingoje miadi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwani hali hiyo huua.