Jinsi Chumvi Inavyoteleza Ndani Yake

Tukitwaa punje kubwa ya chumvi ya mawe na kuitazama juani, huenda tukaona pande zake zimenyoka na pembe zake ni za mraba, mfano wa kisanduku. Tukiigonga kwa kisu, hupasuka kwa kufuata pande zile zile. Punje ya namna hii huitwa fuwele. Chembe zake za sodiamu na za klorini zimepangwa safu juu ya safu, kwa kupokezana.

Basi wataalamu walipiga hesabu ya nguvu itakiwayo ili safu moja iteleze juu ya mwenziwe. Hesabu ikatoa nguvu kubwa mno, na fuwele halisi hulegea kwa nguvu ndogo kuliko hiyo mara elfu na zaidi! Kosa lilikuwa wapi?

Mwaka 1934 watu watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, walitoa jibu moja, kila mtu kwa njia yake. Walisema kwamba safu haitelezi yote kwa mara moja. Zulia zito likivutwa zima ni taabu. Lakini tukilifanyia mkunjo upande huu, tukausukuma mkunjo hata upande wa pili, zulia lote limesogea. Katika fuwele nako mna safu zilizoishia katikati, hazikufika mwisho. Ukingo wa safu hiyo ni mstari, na mstari huo ndio mkunjo wetu.

Lakini ni nani aliyeuona ukienda? Katika miaka ya 1950, huko Schenectady, Marekani, Gilman na Johnston walitwaa chumvi nyingine, floridi ya lithiamu, wakaitia katika dawa ilayo uso wake polepole. Kila mstari ulipotokea juu, dawa ilichimba kishimo chenye ncha, kionekanacho kwa darubini ya vitu vidogo. Kisha wakaisonga fuwele kwa muda mfupi, wakairudisha dawani. Mstari uliohama uliacha kishimo cha kwanza kikipanuka na kuwa bapa chini. Penye makao mapya kikachimbika kingine chenye ncha. Kwa kupima umbali baina ya vishimo hivyo, na muda wa kusongwa, walijua mwendo wa mstari. Kwa maoni yetu, ni hila nzuri sana.

Jembe la chuma likipindika, mistari ya jinsi hiyo ndiyo iendayo ndani yake. Mhunzi akizidi kulifua likiwa baridi, mistari huongezeka, ikazongana na kuzuiana, na chuma kikawa kigumu.