Kadi ya Mkopo na Daftari la Dukani

Mfanyakazi apokeaye mshahara mwisho wa mwezi, na ambaye ifikapo tarehe 15 mfuko wake umekwisha kuwa mtupu, si lazima awe mlevi wala mpenda anasa kama majirani wadhaniavyo. Mara nyingi ni mtu asiyejua fedha yake imekwenda wapi. Leo twapenda kusema machache juu ya chombo kinachosifiwa kuwa chaweza kumponya maradhi hayo, nacho ni kadi ya mkopo.

Kadi hii si ngeni duniani. Diners Club ilianza kutoa yake mjini New York mwaka 1950, na mwaka 1958 Bank of America iliwagawia wakazi wa Fresno, California, kadi ambayo tangu 1976 yaitwa Visa. Kwetu wengi huichanganya na kadi ya kutolea fedha katika mashine. Ile hutoa akiba yako mwenyewe. Hii hutoa fedha ya benki, nawe huletewa hesabu kila mwezi. Ukilipa hesabu yote kabla ya siku iliyowekwa, kwa kawaida manunuzi yako hayatozwi riba. Ukilipa kipande tu, riba huanza kutembea.

Watumiao kadi kwa kupanga matumizi hununua kila kitu kwayo, kisha mwisho wa mwezi huketi na kuisoma hesabu mstari kwa mstari: sukari, nauli, vocha, soda ya saa nne. Faida yote imo katika orodha ile. Mtu akiona kwa macho yake kuwa soda za mwezi mzima zimeshinda bei ya sare ya mtoto, hahitaji mhubiri.

Lakini pita Mwanjelwa, katika soko lile lililoungua mwaka 2006 na kujengwa upya kwa mkopo wa benki (hata soko lenyewe, basi, lajua deni ni nini). Anunuaye mchele wa Kyela au debe la viazi hulipa kwa noti au kwa simu. Mkopo wetu sisi hukaa penginepo: katika daftari la mwenye duka, katika simu, na kwa wale tuwaitao kausha damu.

Huu wa simu ndio unaofanana na kadi. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na baadaye ikaja Songesha, ambayo hukamilisha malipo salio lisipotosha; wenzetu wa Kenya wana Fuliza tangu 2019. Ni msaada mkubwa usiku mtoto anapougua. Hata hivyo hauna zile siku za kadi zisizo na riba: ada yaanza mapema, na fedha yo yote iingiayo katika simu hukatwa deni kwanza. Ndugu aliyeko Tunduma akikutumia fedha ya dawa, waikuta imekwisha kumegwa.

Kuhusu kausha damu, na tupige hesabu. Chukua shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi wadaiwa riba ya 40,000. Ukilipa riba tu kwa miezi sita umetoa 240,000, nayo 200,000 ya kwanza ingali pale pale, haikupungua hata senti. Kwa asilimia 3.5 riba ya mwezi mmoja ingalikuwa 7,000. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za kukopesha kwa njia ya simu zisizo na kibali. Mwananchi anayo haki ya kumwuliza mkopeshaji kibali chake kabla ya kutia sahihi; akinung'unika, jibu umekwisha kulipata.

Daftari la dukani wengi hulidharau, nasi twaliona kuwa ndilo kadi yetu. Lina orodha, lina mwisho wa mwezi, na kwa desturi halina riba. Lipungukiwalo ni mipaka na nakala. Mwenye mshahara wa 450,000, kwa mfano, aweza kumwambia mwenye duka: usinipitishe 90,000, hata nikija kukusihi. Naye awe na daftari lake mwenyewe nyumbani, liandikwe siku ile ile, bei zikiwamo, ili siku ya kulipa madaftari mawili yasomwe pamoja na mke au mume akiwapo.

Muuza mboga na dereva wa bajaji hawana mwisho wa mwezi. Kwao kadi ya benki, hata wangaliipata, ingewasumbua, kwa kuwa hesabu huja siku moja ilhali fedha huja kidogo kidogo. Hao yawafaa kufunga hesabu kila Jumamosi jioni, kabla hawajanunua cha Jumapili.