Mtoto anangoja jibu, papa analipa mwaka mwingine

Ndugu wa mgodi, leo sizungumzi juu ya mshahara. Nazungumza juu ya memwari, ile kazi mwanafunzi wa iniversite anaandika mwisho wa masomo. Bila memwari hakuna diploma, hata kama alifaulu mitihani yote.

Binti yangu anasoma sheria, mwaka wa mwisho. Memwari yake iko juu ya wafanyakazi wa siku kwa siku. Kode ya kazi ya tarehe 16 oktoba 2002 inasema: mtu akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi 2, kampuni ikimuandika tena mbele ya miezi hiyo kuisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho. Wangapi kati yetu wanajua neno hilo? Binti alisimama kwenye milango ya makampuni, akauliza vijana wenye kofia ngumu kama wanalijua.

Sura ya kwanza alipeleka mwezi wa pili. Mwezi wa tano, hakuna jibu. Profesa anafundisha miji miwili, anamwambia: «Ona asistanti.» Asistanti anasema: «Ngoja profesa.» Siku kurasa ziliporudi, kalamu nyekundu ilifika ukurasa wa tatu tu, juu ya koma. Usiku ule binti aliniambia: «Papa, wangesema iko mbaya, ningeanza tena. Lakini hawakusoma. Niko nangoja tu.»

Akikosa sesioni, ni mwaka mwingine: minervali, nyumba, transpor. Pesa hiyo inatoka chini ya udongo.

Niseme kweli: walimu pia wana taabu. Wanafunzi ni wengi, mishahara inachelewa, na mimi mtu wa sendika siwezi kucheka mfanyakazi asiyelipwa vizuri. Lakini taabu ya mwalimu isilipwe na mwanafunzi. Kwetu, mkubwa wa ekipi akitia sahihi kwenye kitabu cha usalama bila kushuka kuona, tunamwita namna gani?

Wengine walinishauri: «Peleka bahasha, mzee.» Nilikataa. Ukitoa bahasha kwa sura ya kwanza, sura ya pili itangoja bahasha yake.

Tulifanya kama madelege wanavyofanya. Binti alifungua kaye: tarehe, kurasa ngapi, nani alipokea. Aliandika barua kwa heshima, akabaki na kopi yenye muhuri wa sekreteri. Halafu alitafuta wenzake wenye profesa yule yule. Walikuwa wanne, wote wanangoja, kila mmoja akifikiri ni yeye peke yake mjinga. Walikwenda pamoja kwa mkubwa wa departema. Hawakushtaki mtu. Waliomba kitu kimoja: tarehe ya kusomewa.

Tarehe ilitolewa. Sura ya kwanza ikasomwa, na makosa ya kweli yakaonekana: binti alichanganya mfanyakazi wa siku na mfanyakazi wa sutretansi. Alilia kidogo, akasahihisha. Sura ya pili bado inangoja, lakini iko kwenye kaye, na tarehe yake.

Wazazi, mtoto akija nyumbani tusiulize tu: «Ulifaulu?» Tumuulize: «Nani anasoma kazi yako, na alisoma mara ya mwisho siku gani?» Akinyamaza, tumununulie kaye.